TEKNOLOJIA: Programu za kompyuta nazo huzeeka, na uzee wake hupimika

KINU cha kusagia mahindi katika mji kama Rongai, Kaunti ya Nakuru, hakiufichi uzee wake. Mkanda hulegea, beringi hupiga kelele, unga hutoka na chenga, na fundi akikifungua huona kwa macho yake kilicholika.

Programu ya kompyuta inayotumika kuuzia bidhaa katika duka la jirani haina mkanda wala beringi. Haishiki kutu. Nakala iliyomo ndani ya kompyuta leo ni ile ile, herufi kwa herufi, iliyowekwa humo miaka kumi iliyopita.

Hata hivyo, nayo huzeeka. Huanza kwa kuchelewa, kisha hukosea, na hatimaye hugoma, aghalabu siku ambayo watu wengi wanaitegemea: siku ya kuwalipa wakulima wa maziwa, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za ushuru, au siku ya kufungua shule.

Rongai hii, ambayo haifai kuchanganywa na Ongata Rongai ya Kaunti ya Kajiado, iko kaskazini-magharibi mwa jiji la Nakuru. Wakazi wake wengi huishi kwa mahindi, maziwa na biashara ndogondogo. Kwao suala hili si la wataalamu wa Nairobi pekee, kwani mkulima hupokea idhini ya kununua mbolea ya ruzuku kupitia ujumbe wa simu, hulipwa kwa M-Pesa, na husomesha watoto katika shule zinazoweka hesabu za karo kwenye kompyuta.

Basi maswali ni mawili. Ikiwa hakuna kilicholika, ni nini kilichozeeka? Na je, mwenye duka, chama cha ushirika au serikali ya kaunti inaweza kuupima uzee huo kabla haujaleta hasara?

Dunia husonga, programu husimama

Mwaka wa 1994, David Parnas, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Canada, aliandika makala ambayo hadi leo hurejelewa na wahandisi wa programu. Alieleza kwamba programu huzeeka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukosa kubadilishwa ilhali mahitaji ya watumiaji yanabadilika. Ya pili ni kubadilishwa vibaya.

Mfano wa njia ya kwanza uko katika kila duka lililosajiliwa kulipa ushuru wa VAT. Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa janga la corona, serikali ilipunguza ushuru huo kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 ukarejeshwa kuwa asilimia 16.

Katika muda wa miezi tisa, kila programu ya kuuzia bidhaa nchini ilipaswa kubadilishwa mara mbili. Programu ambayo haikubadilishwa haikuwa imeharibika hata kidogo. Ilipiga hesabu ile ile iliyokuwa sahihi mwezi wa Machi, na kufikia Aprili hesabu hiyo ilikuwa kosa.

Halafu zikaja kanuni za stakabadhi za ushuru za kielektroniki. Wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT walipewa hadi mwisho wa Novemba 2022 kuwa na mashine zinazotuma maelezo ya mauzo moja kwa moja kwa Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA. Mashine za zamani za kutoa risiti, maarufu kama ETR, zilikuwa bado zinawaka na kuchapisha vizuri, lakini muda wake ulikuwa umekwisha.

Serikali nazo hukumbwa na hali hiyo. Kabla ya mwaka wa 2013, Kenya ilikuwa na mabaraza 175 ya miji na wilaya, na baadhi yake yaliweka hesabu za mapato kwa mfumo wa kompyuta uliojulikana kama LAIFOMS. Baada ya uchaguzi wa Machi mwaka huo mabaraza yalivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na kaunti 47. Mfumo ulioundwa kwa ajili ya karani wa baraza ukajikuta katika nchi isiyokuwa tena na mabaraza.

Hata kumbukumbu zilizohifadhiwa ndani ya mfumo huzeeka. Mwaka wa 2023 wakulima walisajiliwa upya kidijitali ili wapate mbolea ya ruzuku. Tangu siku ile ya usajili, baadhi ya mashamba yamegawanywa kwa warithi, laini za simu zimebadilishwa na wazee wengine wamefariki. Sajili isiyofanyiwa marekebisho huendelea kumtumia ujumbe mtu asiyekuwepo.

Meir Lehman, aliyechunguza ukuaji wa programu za kampuni ya IBM pamoja na mwenzake Laszlo Belady, alilitaja jambo hili mwaka wa 1974 kama kanuni: programu inayotumika katika shughuli za watu ni lazima ibadilishwe daima, la sivyo manufaa yake yatapungua hatua kwa hatua. Kanuni yake ya pili ni kwamba kila inapobadilishwa, utata wake huongezeka, isipokuwa pafanywe kazi mahususi ya kuupunguza.

Viraka juu ya viraka

Kanuni hiyo ya pili ndiyo njia ya pili ya uzee aliyoitaja Parnas. Inafanana na nyumba iliyojengwa kwa vyumba viwili, kisha mwenyewe akaongeza jiko, baadaye chumba cha wageni, na hatimaye kibanda cha duka. Kila nyongeza ilikuwa na sababu nzuri. Lakini fundi wa mwisho hajui nguzo ipi ndiyo inayobeba paa.

Waliounda programu huondoka na kwenda kufanya kazi kwingine. Anayeitwa kuongeza kiwango kipya cha ushuru huwa hakuuona mpango wa awali, kwa hivyo huongeza kipande chake pembeni na kuomba heri. Kipande hicho hugusa kingine, na ripoti ya mwisho wa mwezi ikakataa kutoka.

Mwaka wa 1992, Mmarekani Ward Cunningham aliifananisha hali hii na deni. Njia ya mkato huokoa wakati leo, lakini riba yake hulipwa kila mara programu inapoguswa. Deni lisipopunguzwa, hufika wakati ambapo kazi yote ya mafundi ni kulipa riba.

Uzee wa saa chache

Kuna aina nyingine ya uzee ambayo haisubiri miaka. Programu inapofanya kazi huazima nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, kama mfanyabiashara anavyoazima nafasi ya kuweka magunia katika ghala la jirani. Kazi ikiisha, inapaswa kuirudisha nafasi hiyo.

Programu yenye kasoro husahau kurudisha sehemu ndogo kila mara. Bandu bandu huisha gogo: asubuhi ghala lina nafasi tele, jioni limebanwa, na siku ya tatu hakuna pa kuweka hata debe. Kompyuta huanza kujikokota na hatimaye hukwama. Ikizimwa na kuwashwa upya, ghala hufagiliwa na kazi huanza tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Mwaka wa 1995, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani walipendekeza dawa ambayo wengi walikuwa wakiitumia bila kuipa jina: kuizima na kuiwasha programu kwa ratiba maalum, kabla haijakwama yenyewe.

Umuhimu wa ratiba hiyo ulikuwa umeonekana kwa njia ya kuhuzunisha. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Iraq liliangukia kambi ya wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, na kuwaua 28. Mtambo wa Patriot uliopaswa kulizuia ulikuwa ukiwaka, lakini haukulifyatulia chochote.

Uchunguzi ulibaini kwamba mtambo huo ulikuwa umewaka mfululizo kwa zaidi ya saa 100. Saa iliyomo ndani ya programu yake ilikuwa na kosa dogo mno la hesabu ambalo lilikua kadiri muda ulivyopita. Siku hiyo kosa lilikuwa limefika takriban thuluthi moja ya sekunde, muda ambao kombora la aina hiyo husafiri zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulilitafuta mahali ambapo halikuwepo.

Ripoti ya wakaguzi wa Bunge la Marekani ya mwaka wa 1992 ilieleza jambo linalostahili kukumbukwa na kila anayesimamia mfumo wa kompyuta. Siku chache kabla ya maafa hayo, watumiaji walikuwa wameonywa kwamba kuuacha mtambo ukiwaka kwa muda mrefu sana kungeweza kuleta matatizo. Hawakuambiwa muda mrefu sana ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku moja baada ya vifo hivyo.

Linganisha kisa hicho na kingine cha mwaka wa 2015. Mamlaka ya usafiri wa ndege ya Marekani ilitangaza kwamba mitambo ya kudhibiti umeme katika ndege za Boeing 787 ingeweza kujizima ikiwa ingekaa na umeme mfululizo kwa siku 248. Kenya Airways ilikuwa imeanza kutumia ndege za aina hiyo mwaka mmoja kabla.

Safari hii idadi ya siku ilikuwa imejulikana. Mashirika yaliagizwa kukata umeme wa ndege hizo na kuurejesha kabla ya muda huo kutimia, huku programu mpya ikiandaliwa. Katika visa vyote viwili, kasoro ilitokana na hesabu ya muda. Tofauti ni kwamba katika kimoja onyo lilikuja na kipimo, na katika kingine lilikuja bila kipimo.

Vipimo vinavyotoshea daftari

Si lazima mtu awe mhandisi ili apime uzee wa programu. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu haya yanaweza kuhesabiwa kwa kalamu na daftari.

Kipimo cha kwanza ni muda kati ya hitilafu moja na nyingine. Tuseme chama cha ushirika cha maziwa kimepata hitilafu tatu katika siku 90. Wastani ni siku 30. Robo ya mwaka inayofuata ikiwa na hitilafu tisa, wastani umeshuka hadi siku 10. Hapo hakuna haja ya kubishana kama mfumo unadhoofika.

Kipimo cha pili ni kasi. Karani apime kila Jumatatu ni sekunde ngapi hupita tangu anapoitisha hesabu ya mkulima hadi inapojitokeza, na aandike pia ni mara ngapi kompyuta imezimwa na kuwashwa juma hilo. Muda ukiongezeka tangu kuwashwa hadi kuzimwa na kurejea chini baadaye, kasoro ni ile ya ghala lisilofagiliwa. Ukiongezeka mwezi baada ya mwezi hata baada ya kuwashwa upya, huenda kumbukumbu zilizohifadhiwa zimekuwa nyingi kuliko ilivyokadiriwa.

Cha tatu ni gharama ya badiliko dogo. Mabadiliko ya VAT ya mwaka wa 2020 na 2021 yalikuwa mtihani wa bure, kwa kuwa kazi ilikuwa moja mara zote mbili. Biashara ambayo fundi wake alitumia saa moja mara ya kwanza na siku nne mara ya pili ilikuwa imepewa habari muhimu kuhusu afya ya programu yake.

Cha nne ni marekebisho yanayozaa makosa. Kati ya kila marekebisho kumi, ni mangapi yaliyolazimu fundi kuitwa tena kwa sababu kitu kingine kiliharibika? Idadi hiyo ikipanda, mafundi hawaielewi tena programu wanayoitibu.

Cha tano ni kazi inayofanywa nje ya mfumo. Makarani wanapoanza kuandika hesabu katika daftari la pembeni kwa sababu kompyuta haina nafasi ya kuweka jambo fulani, mfumo umeachwa nyuma na kazi. Kila daftari la aina hiyo lihesabiwe.

Cha sita ni idadi ya watu wanaoujua mfumo kiasi cha kuurekebisha. Ikiwa ni mmoja, mfumo huo una umri wa kazi ya mtu huyo.

Wataalamu wana vipimo vyao vya ndani pia. Mwaka wa 1976, Thomas McCabe wa Marekani alibuni njia ya kupima utata kwa kuhesabu njia panda zilizomo katika kipande cha programu, yaani kila mahali ambapo kompyuta inaambiwa ikiwa hali ni hii ielekee huku, ikiwa ni ile ielekee kule. Alipendekeza kiwango cha njia kisichozidi 10 kwa kipande kimoja. Mnunuzi wa programu anaweza kumtaka muuzaji amwonyeshe kipimo hicho, hata kama yeye mwenyewe hawezi kukikokotoa.

Namba nazo hudanganya

Hata hivyo, vipimo vinahitaji busara. Malalamiko yakipungua ghafla, huenda programu imepona, au huenda watumiaji wamekata tamaa na kurudi kwenye karatasi. Ndiyo sababu kipimo cha tano ni muhimu kusomwa pamoja na cha kwanza.

Aidha, mwezi mmoja mbaya si uzee. Umeme ukipotea mara kwa mara wakati wa mvua, kompyuta zitazimika bila kosa la programu. Kinachotafutwa ni mwelekeo wa miezi kadhaa.

Umri wa miaka pekee pia si kipimo. Kuna programu za benki zilizoandikwa miongo kadhaa iliyopita ambazo bado zinafanya kazi kwa sababu zimetunzwa, na kuna nyingine ambazo huzeeka kabla ya malipo yake kukamilika.

Kutunza, kukarabati au kuacha

Baada ya kupima, hubaki uamuzi. Programu inayodhoofika kwa saa au siku huhitaji kuwashwa upya kwa ratiba hadi kasoro yenyewe iondolewe. Iliyojaa viraka huhitaji ukarabati wa ndani, kazi ambayo mtumiaji haioni na kwa hivyo viongozi wengi hukataa kuitengea pesa. Iliyoachwa nyuma kabisa huhitaji kubadilishwa.

Huduma ya M-Pesa ni mfano wa mfumo uliobadilishwa ukiwa bado unatembea. Ilizinduliwa Machi 2007. Mwaka wa 2015 ilihamishiwa kwenye mfumo mpya, na mitambo yake iliyokuwa Ujerumani ikaletwa Kenya. Septemba 2025 ilihamishwa tena, usiku, kwenye mfumo ambao Safaricom ilisema una uwezo wa kushughulikia miamala 6,000 kwa sekunde. Idadi ya miamala kwa sekunde ni kipimo kinachoweza kuisaidia kampuni kujua mapema mfumo wake utalemewa wakati gani.

Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Mfumo mpya huja na makosa yake, na ule wa zamani huondoka na maarifa ambayo hakuna aliyeyaandika: kwa nini mkulima fulani hulipwa mara mbili kwa mwezi, au kwa nini karo ya kidato kimoja hugawanywa. Anayebadilisha mfumo hana budi kuuendesha wa zamani na mpya sambamba kwa muda, na kulinganisha matokeo shilingi kwa shilingi.

Walinzi wanapoondoka

Kuna uzee ambao tarehe yake hutangazwa mapema, na ndio unaopuuzwa zaidi. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kurekebisha Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, baada ya miaka kumi. Baadhi ya watumiaji walipewa nafasi ya kujisajili ili waendelee kupata marekebisho ya kiusalama hadi Oktoba 2026. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu hazina vifaa vinavyotakiwa.

Kompyuta iliyoachwa bila marekebisho huendelea kuwaka kama kawaida. Kinachobadilika ni kwamba kila mlango mpya unaogunduliwa na wadukuzi hubaki wazi. Mei 2017, virusi vya WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza, vikipitia kasoro ambayo Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake miezi miwili kabla. Walioathirika ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimepewa dawa hiyo.

Kwa mji wa mashambani, hatari hii hukaa katika duka la saiba. Humo ndimo mwalimu, bodaboda na mkulima huingia kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni kuwasilisha ripoti za ushuru, wakiandika nambari za vitambulisho na nywila zao katika kompyuta ambayo si yao. Mteja ana haki ya kuuliza mashine hiyo inatumia programu gani na mara ya mwisho ilifanyiwa marekebisho lini.

Mwenye saiba, mkuu wa shule na mwenyekiti wa ushirika wanashauriwa kuandika katika ukurasa mmoja orodha ya programu wanazotumia, tarehe ambayo huduma ya kila moja itakoma, na jina la anayeweza kuirekebisha. Mkataba wa kununua programu nao ueleze nani ataibadilisha sheria ikibadilika, kwa bei gani, na nani atabaki na maandishi yake ya asili muuzaji akifunga kazi.

Katika orodha hiyo, tarehe moja inaweza kuandikwa sasa hivi. Mitambo ambayo bado huhesabu muda kwa njia ya zamani ya tarakimu 32, inayotumiwa katika baadhi ya vifaa na programu za miaka iliyopita, itafika mwisho wa hesabu yake tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa za Kenya. Sekunde itakayofuata, mitambo ambayo haitakuwa imerekebishwa itadhani ni mwaka wa 1901.

Ni nadra uzee kutoa taarifa ya mapema kiasi hicho. Kwa mifumo mingine yote, taarifa hutoka kidogo kidogo, katika sekunde zinazoongezeka na hitilafu zinazokaribiana, na humfaa tu yule aliyekuwa akiziandika.